Zawadi Nje ya Msimu

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kuja Moshi hujaa hadi mlangoni, na magari madogo yanapita Same na Mwanga yakiwa yamelemewa na mchele, mafuta ya kula, sukari, na pengine godoro lililofungwa kamba juu ya paa. Kuanzia Rombo hadi Machame kila kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kina mgeni wake. Mama anapata kitenge, baba anapata blanketi, watoto wa kaka wanapata viatu vya shule. Mbuzi anachinjwa, na nyama inagawanywa kwa utaratibu wa tangu zamani, kila kipande na mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo. Hata treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokosekana kwa zaidi ya miaka 20, ilirudi mwezi huo huo wa Desemba, mwaka 2019.

Naupenda utamaduni huu na ningesikitika ukifa. Ila zawadi za Desemba zina ratiba. Anayetoa anajua atatoa, anayepokea anajua atapokea, na asipopokea anauliza kulikoni. Ndivyo ilivyo pia kwa harusi, kipaimara na misiba: kadi inakuja, kiwango kinatajwa, jina lako linaandikwa kwenye kundi la WhatsApp na tarakimu mbele yake. Tunatoa sana huku kwetu. Lakini kaa na watu wazima, waulize ni zawadi gani iliyowagusa kuliko zote, na ni nadra utasikia habari ya Desemba. Watakusimulia jambo lililowakuta Februari au Mei, siku ya kazi, mchana, wakati hawamngoji mtu. Na aliyeleta mara nyingi hakuwa ndugu anayedaiwa na desturi. Alikuwa rafiki tu, ambaye angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angemlaumu.

Furaha ya namna hiyo inaweza kuandaliwa. Wapo watu wanaojua kuiandaa, na ukiwaangalia kwa makini utaona wana mazoea yanayofanana. Ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, pamoja na jambo la pili ambalo kwa wengi wetu ni gumu zaidi: namna ya kupokea.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu huko Kibosho, mjane, anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Anayejua maisha ya mlimani anajua kwamba kazi ya ng'ombe wa bandani ni majani. Vihamba vimebanana, mahali pa kuchungia hakuna, kwa hiyo chakula cha mifugo hukatwa pembeni mwa migomba au hufuatwa chini kwenye mashamba ya tambarare na kupandishwa kwa kichwa, kwa pikipiki au kwa pikapu. Kipindi cha ukame, mzigo wa mabua ya mahindi unakuwa na bei ya kuumiza. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Januari, mwalimu huyu alikuwa ameanguka akaumia goti. Hakumwambia mtu kwamba ana shida ya majani. Alichosema, siku moja wakati watu wanatawanyika baada ya ibada, ni kwamba ng'ombe wake mkubwa amepunguza maziwa. Kisha akabadilisha mazungumzo.

Kati ya waliomsikia, watatu walikuwa wamefundisha naye shule moja miaka mingi. Siku chache baadaye, asubuhi, pikapu ikasimama kwenye njia ya kuingilia kwake ikiwa imejaa mabua. Nilikuwapo; nilikuwa nimefuata maziwa. Kijana akashuka akasema, "Shikamoo mama. Mzigo wako huu, tuushushie wapi?"

"Marahaba mwanangu. Umepotea njia, mimi sijaagiza kitu."

"Hapana mama, ni hapa hapa. Umeshalipiwa. Na sisi wa kushusha tumeshalipwa."

Mwalimu akachukua bua moja, akalivunja, akalinusa kuona kama lina uvundo wa ukungu. Lilikuwa kavu na safi. Akakaa kwenye kigoda cha kukamulia, akawataja wale wenzake watatu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa na mtu. Hapakuwa na wengine ambao wangeweza kuwa wamefanya vile.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Hela zilizotumika hazikuwa nyingi. Wakichangishana watatu, kila mmoja alitoa kiasi ambacho angekitoa kwenye kadi ya harusi bila kukumbuka. Kilichomkalisha mwalimu chini ni kwamba kuna watu walioisikia ile sentensi moja ya maziwa, wakaijumlisha na goti lake, wakaijumlisha na mwezi wa Januari, wakapata jibu sahihi. Alikuwa amefikiriwa. Yeye akiwa jikoni kwake akidhani yuko peke yake na tatizo lake, kulikuwa na mazungumzo mahali fulani yanayomhusu, na yalikuwa mazungumzo mema. Ndiyo maana aliwataja majina kabla ya kutaja mabua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu duka. Sikiliza. Watu wa huku hawaombi wazi; tumelelewa kuona haya kuomba. Shida husemwa pembeni, katikati ya habari nyingine: mtu anakuambia chupa yake ya chai siku hizi haishiki moto, au kwamba amezunguka masoko ya mitumba ya Memorial na Kiboriloni na hajapata koti la mvua la saizi ya mumewe, au kwamba ameacha kusoma jioni kwa sababu miwani imevunjika mkono. Ukisikia neno kama hilo usiseme kitu. Ukitamka tu "nitakuletea", umeshaiharibu; imekuwa ahadi, na ahadi ina tarehe na inaweza kuvunjwa. Nenda ukaandike kwenye simu yako: jina, kitu, saizi. Mwezi ukipita, au miezi mitatu, fursa itatokea. Wanaosifiwa kwa kukumbuka, wengi wao wanaandika.

Ushauri wa pili ni majira. Usimpelekee mtu Desemba kitu unachoweza kumpelekea Aprili. Desemba meza imejaa, na zawadi yako itapangwa pamoja na nyingine kumi. Aprili masika imeshika, njia za Uru na Old Moshi zinateleza, wageni wamerudi mijini, na mzee aliyekuwa na wajukuu sita nyumbani amebaki na redio. Gambuti mpya za saizi yake wakati huo ni kitu kikubwa. Juni hadi Agosti wingu linakaa juu ya mlima na baridi inashuka hadi vijiji vya kati. Hapo sweta lina maana ambayo halikuwa nayo Krismasi. Na kuna majira ya maisha ya mtu mwenyewe. Mama akijifungua, wiki ya kwanza nyumba inafurika watu na mtori. Wiki ya sita watu wamekwisha, na ndipo anapochoka kweli. Msibani ni hivyo hivyo. Matanga yakishaanuliwa, viti vikarudishwa, mfiwa anaanza kuishi na pengo lake bila msaidizi. Rafiki anayeingia siku ya 40 na sufuria ya kiburu, yaani ndizi na maharage, akakaa, akala naye, ameleta kitu ambacho wale wote wa siku ya mazishi hawakuweza kukileta.

Watu wengi huwa na nia, kisha hujizuia. Wanaona haya: ataona kitu kidogo, atashangaa nimetokea wapi, tumepoteana muda mrefu. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na watafiti wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya juu ya hofu hii. Waliwaomba watu wawatumie marafiki ambao hawajawasiliana nao kwa muda ujumbe mfupi, au ujumbe pamoja na zawadi ndogo, na wakisie mpokeaji atathamini kiasi gani. Watumaji walikisia chini ya ukweli. Na kadiri mawasiliano yalivyomshtukiza mpokeaji, ndivyo alivyoyathamini zaidi ya walivyodhani. Wazee wetu walishasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini nafurahi kuona kwamba hata anayehitaji vipimo sasa anavyo. Kile kinachokutia aibu, yaani kwamba hakutarajii, ndicho kitakachomfurahisha.

Kuhusu kitu chenyewe, kwetu mlimani tuna bahati ambayo hatuitumii. Tunaona zawadi ni lazima itoke dukani, imefungwa karatasi ya kung'aa, wakati kihamba kinazalisha vitu ambavyo rafiki aliye Dar es Salaam, Mwanza au Muscat anaviota usiku. Ila vinahitaji akili. Mkungu si mkungu tu. Anayetaka kupika mtori anataka mshare, na ukimpelekea ndizi za kutengenezea pombe ya mbege atashukuru kwa adabu na kubaki na mzigo. Ukituma kwa basi, kata vichana vikiwa vibichi kabisa, vipange kwenye boksi na majani makavu ya mgomba katikati ili visichubuane, na uandike jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za boksi kwa kalamu isiyofutika. Tuma kwa basi la asubuhi, chukua namba ya gari na ya kondakta, ulipie mzigo huku huku. Parachichi chuma likiwa gumu na ukiache kikonyo chake. Linalochumwa bila kikonyo huanza kuoza pale pale. Ongeza pakiti ya unga wa ulezi. Boksi kama hilo likifunguliwa kwenye chumba cha kupanga huko Mbagala, harufu yake tu inatosha kumfanya mtu apige simu kabla hajatoa kila kitu.

Halafu kuna kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na muungano wao wa ushirika, KNCU, ukafuata mwaka 1933. Kahawa imejenga shule huku, imesomesha watoto, imeezeka mabati. Hata hivyo nyumba nyingi zinazoilima zinakunywa chai. Kumpa rafiki kahawa ya kihamba chako mwenyewe, uliyoikaanga kwa mkono wako, ni jambo ambalo watu hawalifikirii, na mimi sijui zawadi nzuri kuliko hiyo. Si kazi ngumu. Chukua kahawa iliyokauka vizuri ambayo bado ina ganda lake, itwange polepole kwenye kinu hadi ganda liachie, pepeta, chagua punje zilizovunjika na nyeusi uzitupe. Kaanga kidogo kidogo kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha, na ufanyie nje kwa sababu ya moshi. Punje zitageuka manjano, kisha kahawia, kisha zitaanza kupasuka kwa mlio. Mlio wa kwanza ukiisha na rangi ikawa kahawia iliyokolea, mwaga kwenye ungo na upepee zipoe haraka. Usizifunge siku hiyo. Kahawa iliyotoka tu motoni hutoa hewa na mfuko utavimba. Subiri hadi kesho yake. Mpe zikiwa punje, si unga, kama ana namna ya kusaga, maana ikisagwa harufu hukimbia. Na umwambie imetoka upande gani wa shamba. Kama ni chini ya ule mti wa mruka ambao mlikuwa mnacheza utotoni, mwambie.

Chipukizi la mgomba nalo ni zawadi, kwa rafiki aliyepata kiwanja na anaanza. Chagua linalotoka kwenye shina lisilo na ugonjwa, lenye majani membamba kama upanga, na mpelekee na jembe ulishike mwenyewe. Ataanza kula baada ya mwaka au mwaka na nusu.

Si kila rafiki yuko shambani, bila shaka. Anayepanda mlima kama mpagazi, akibeba hadi kilo 20 za mizigo ya wageni, atafurahia soksi nene za sufu na taa ya kichwani iliyo na betri mpya kuliko shati la sherehe. Mpe kabla ya Juni, wageni hawajajaa. Rafiki anayemwuguza mzazi hospitalini hahitaji matunda mengine, anahitaji doti ya kanga ya kujifunika usiku, chupa ya chai iliyojaa, na mtu wa kumwambia nenda ukaoge, nitakaa hapa hadi saa kumi. Kwenye kanga soma jina lake kabla ya kulipa. Kanga nyingi zimeandikwa mafumbo ya ugomvi, na shoga yako anaweza kukaa siku tatu akijiuliza ulikuwa unamsema yeye.

Hela pia ni zawadi, tusidanganyane. Kuna wakati hakuna kingine kinachofaa. Lakini hata hela inaweza kutumwa kwa uangalifu au kwa uzembe. Anayejua kutuma huongeza ya kutolea. Kama umekusudia rafiki apate 20,000, hakikisha 20,000 inafika mkononi mwake, isije ikang'atwa pale kwa wakala. Ni jambo dogo la shilingi chache, na kila mtu Tanzania analitambua mara moja: huyu ameifikiria safari ya hii hela hadi mwisho. Ni akili ile ile ya wale walimu watatu waliowalipa kabisa vijana wa kushusha mabua. Fikiria kama wasingewalipa. Mwalimu angepokea zawadi na deni kwa wakati mmoja, angeanza kutafuta chenji uvunguni mwa kitanda huku vijana wanasubiri. Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, kitembeze kichwani hatua kwa hatua hadi mlangoni kwa mtu: nani atakibeba kutoka stendi, kitawekwa wapi, kinahitaji umeme, kinahitaji mafuta, kinahitaji fundi wa kukifunga? Zawadi ikifika ikiwa imekamilika, mpokeaji anabaki na kazi moja tu ya kufurahi.

Hapa ndipo penye hatari ya zawadi hai. Zamani Wachagga wenye ng'ombe wengi kuliko majani waliwaweka kwa marafiki. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe akabaki na haki ya ndama, na kila upande ulijua masharti. Ulikuwa mpango mzuri sana kwa sababu ulizungumzwa. Ng'ombe wa kushtukiza ni kitu kingine kabisa. Anakula kila siku, anaugua, anahitaji banda. Kuku wa kienyeji wawili, sawa. Zaidi ya hapo uliza kwanza, hata kama utapoteza ule mshangao.

Mkiwa marafiki kadhaa mnaotaka kumpa mmoja wenu, msiunde kamati. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu tunapenda kamati. Kundi likiwa na watu 30, siri imekwisha, na michango itaanza kuorodheshwa, na yule ambaye mwezi huo mambo yamembana atajitoa kimya kimya kwa aibu. Watatu hadi watano wanatosha. Mmoja ashike hela, asitaje nani ametoa ngapi, na kitu kiende kwa jina la wote. Kama mmoja hana hela, yeye ndiye apeleke. Miguu yake ni mchango kamili. Na msipige picha. Mtu aliyeshtukizwa kwa wema ana uso ambao ni wake mwenyewe, hana deni la kuuonyesha kwa watu asiowajua.

Toa pia kilicho chako. Watoto wa Moshi wote wamesimuliwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Si kweli. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm alikuja kuwa Kaizari mwaka 1888. Hata hivyo hadithi imedumu, na nadhani imedumu kwa sababu inauma: mtu anaonyesha ukarimu kwa mali ya wengine. Kwa kiwango kidogo jambo hili linatokea majumbani. Mume anampa rafiki yake jogoo ambaye mke amemlea. Ndugu mmoja anakata miti ya kihamba cha familia kumfurahisha swahiba wake. Mpokeaji akija kujua, furaha inageuka fedheha, na yeye hana kosa. Kadhalika mwenye ofisi unayemtegemea kwa kibali au hukumu, usimpelekee kitu hata kama mlisoma pamoja. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 ipo, na urafiki wenu unastahili kulindwa usichanganywe na hayo.

Na kama mmekosana, tafadhali usianze na zawadi. Mila yetu imeliweka jambo hili vizuri. Aliyekosea huchukua jani la isale, huenda nalo au humtuma mtu mzima mwenye heshima, na kuomba radhi. Aliyekosewa hatakiwi kulikataa. Baada ya hapo ndipo huja mbege na nyama, watu wakae pamoja. Mpangilio huo una sababu. Ukitanguliza kitu kizuri kabla ya kukiri, unamweka mwenzako mahali pabaya: akikipokea ameonekana amenunuliwa, akikikataa ameonekana ana roho mbaya. Tanguliza maneno, au isale kama mko nyumbani na inaeleweka. Zawadi itakuja wakati wake, hata mwaka ujao, na itakuwa tamu zaidi kwa kuwa haina kazi ya kufanya.

Sasa kupokea. Hapa wengi wetu tunafeli, na wanaofeli sana ni wale wanaotoa vizuri. Mtu ameleta kitu kutoka moyoni, nasi tunamjibu: "Jamani, kwa nini umejisumbua? Mimi nitakurudishia nini?" Tunadhani ni unyenyekevu. Anayesikia anasikia kwamba amekuletea mzigo. Mwanazuoni wa Kifaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha, na mtu yeyote aliyekulia kijijini anaelewa alichokuwa akisema. Lakini angalia kwamba kupokea nako ni wajibu, umesimama peke yake, na una adabu zake. Pokea kwa mikono miwili. Mkaribishe mtu akae. Kifungue mbele yake kama ni cha kufungua, na kama ni cha kutumika, kitumie hapo hapo: chai yake iwe ya kwanza kutoka kwenye chupa mpya. Sema jambo moja la kweli kuhusu hicho kitu. "Nilikuwa ninalala na baridi ya miguu" inatosha kuliko shukrani kumi za jumla.

Usikimbilie kurudisha. Najua kishawishi chake, hasa kwa sisi tunaojivunia kutodaiwa. Ukipewa Jumatatu ukarudisha Jumatano kitu cha thamani ile ile, umelipa bili, na rafiki yako atahisi mlango umefungwa. Chombo kisirudi kitupu, hiyo ni sawa. Tia mayai manne au mafungu ya mboga kwenye ile sufuria, hakuna atakayehesabu. Lakini ile kubwa iache ikae. Mkiwa marafiki wa kweli mmoja atakuwa anadaiwa kidogo na mwingine siku zote, kwa zamu, na hakuna ubaya wowote ndani yake. Wewe endelea kuandika kwenye simu yako anayoyasema pembeni.

Ikitokea zawadi haikufai, kiatu hakiingii au una sweta kama hilo tayari, mwambie ukweli kuhusu kiatu mapema ili kibadilishwe, na unyamaze kuhusu sweta. Kiatu kisichoingia kina suluhisho pale dukani. Sweta la pili halijamdhuru mtu.

Na kuna shukrani ya mara ya pili, ambayo karibu kila mtu anaisahau. Ile ya kwanza ni ya adabu, hata mtoto hufundishwa kusema aika, yaani asante. Wiki tatu zikipita mpigie aliyekupa, si kwa kushukuru tena, mweleze kitu kimefanya kazi gani: kahawa ilikwisha Jumapili walipokuja wageni wa kutoka Arusha na mmoja wao ameuliza inauzwa wapi, gambuti zimekwenda Marangu Mtoni na kurudi bila kuingiza tone, yule ng'ombe sasa anatoa lita nne asubuhi. Mwalimu wa Kibosho alifanya hivyo kwa wenzake wote watatu, kila mmoja simu yake. Mmoja wao alikuwa ndani ya daladala ya kwenda mjini, na aliongea kwa furaha kubwa hivi kwamba abiria wa kiti cha mbele aligeuka akamwuliza majani hayo yalinunuliwa kwa nani, na kwa bei gani, kwa sababu na yeye ana mama mkwe Uru ambaye anafuga.